Unamtafuta mkunga wa nyumbani Gihosha? Muulize kwanza maswali haya

WANAWAKE wanaorejea Burundi baada ya miaka mingi Tanzania huja na maswali mengi, na moja nimeulizwa Gihosha zaidi ya mara moja: je, ninaweza kumpata mkunga aliyesomea akaja kunizalisha nyumbani?

Sababu zao si za kupuuzwa. Mume yuko mpakani na mzigo, watoto wakubwa hawana wa kubaki nao, na Kirundi cha hospitalini kilichochanganyika na Kifaransa kinawapiga chenga wale waliokulia Kigoma au Tabora. Usafiri nao ni kazi. Tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na mafuta yamekuwa adimu kwa vipindi virefu.

Nikaanza kuulizia mtaani. Wa kwanza kuelekezwa kwao walikuwa bibi wazee, wakunga wa jadi. Heshima yao iko palepale, kwani wakati wa vita na amri ya kutotoka usiku, iliyoondolewa Aprili 2006, wengi walizaliwa mikononi mwao. Lakini tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyama vya kimataifa vya wakunga na vya madaktari wa uzazi, limesema wazi kwamba mkunga wa jadi, hata akipewa mafunzo, hahesabiwi kuwa mzalishaji mwenye ujuzi.

Wa pili walikuwa wauguzi wa mtaani. Hapa msomaji awe makini: muuguzi anayejua kuchoma sindano si lazima awe mkunga. Aliyesomea ukunga huitwa kwa Kifaransa sage-femme, na wengi wao hapa Burundi wamepitia Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii, INSP, iliyoko Bujumbura.

Niliowapata wenye diploma hiyo walinijibu karibu kwa sauti moja: watakuja nyumbani kabla ya kujifungua na baada yake, ila kuzalisha watazalishia kituoni. Sababu yao ni damu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Sindano ya oksitosini inayozuia hali hiyo hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Damu ya kuongezewa haiko kabatini mwa mtu. Uingereza mkunga wa serikali humzalisha nyumbani mama asiye na dalili za hatari, lakini nyuma yake kuna ambulensi na hospitali inayomsubiri.

Kuna jambo jingine ambalo baadhi ya waliorejea hawajalisikia. Tangu Mei 2006 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, pamoja na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta watoto 60 kati ya 100 wakizaliwa vituoni, na ule wa 2016-2017 ukakuta 84. Kwa wakazi wa Gihosha, hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, ambayo wengi huiita Roi Khaled, iko jirani.

Kwa hiyo fedha ya mkunga binafsi inunue kile ambacho kituo hakikupi: mtu anayekujua, anayezungumza Kiswahili, wa kukusindikiza usiku, kisha aje kukutazama wewe na mtoto katika wiki ya kwanza.

Kabla ya kukubaliana naye, muulize. Umesomea wapi, na diploma iko wapi? Unafanya kazi kituo gani sasa? Akikitaja, nenda ukamuulizie hapo. Mara ya mwisho ulizalisha lini? Mtoto asipolia, utafanya nini katika dakika ya kwanza, na vifaa vya kumpa pumzi unavyo? Damu ikizidi tutakwenda wapi, kwa gari la nani? Malipo ni faranga ngapi, na ni kwa ziara ngapi? Anayekasirishwa na maswali haya mshukuru, kisha umwache. Anayedai hajawahi kupata tatizo hata siku moja, mwache pia.

Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au upungufu wa damu, aliyevuja damu uzazi uliopita, au ambaye mtoto amelala vibaya, huyo asizungumziwe kabisa habari ya kuzalia nyumbani.

Na kadi ya kliniki uliyoanzia Nduta au Nyarugusu usiitupe. Mkunga wa Bujumbura ataisoma na kujua chanjo na vipimo ulivyokwisha kupata.

Kwenu akina baba mnaovuka mipaka: uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini gari mnaweza kulitafuta ninyi. Mimba ikifika mwezi wa nane, mwachieni mama mkononi nauli, namba ya dereva aliyekwisha kukubali kuamshwa usiku, na jina la jirani atakayelala na watoto. Ndipo mfunge mizigo.