Kutoka Ngomani hadi Kwenye Pikipiki: Mchezo, Mbio na Sauti katika Msamiati wa Kiswahili



Mabamba ni kata ya mpakani katika wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma. Ng'ambo ya mpaka ni Gisuru, nchini Burundi. Tanzania vyombo vya moto hupita kushoto na Burundi hupita kulia, kwa hiyo mwendesha pikipiki anayevuka hapo huhama upande wa barabara mara tu avukapo, na akirudi jioni huhama tena. Jambo hilo dogo limenifurahisha kila nilipolitazama, kwa sababu lugha nazo huvuka mpaka ule ule, na wasemaji wa Kiha na wa Kirundi huhama upande bila kutambua kwamba wamehama.

Mwaka 2022 nilikuwa huko nikikusanya maneno, na bwana mmoja wa makamo akanipakia kwenye bodaboda yake. Tulipozoeana alinieleza kwamba ujanani alikuwa mcheza ngoma, tena wa mstari wa mbele, mpaka goti lilipomkatalia. Nikamwuliza kama anaikumbuka ngoma. Akajibu kwamba hajaiacha: "Barabara hii nayo ina mapigo yake, Mzee. Ukiyakosa, inakutupa." Mhadhara huu ni jaribio langu la kuieleza kauli hiyo kwa njia ya isimu. Mtu anawezaje kutoka uwanja wa ngoma akaingia katika mbio za vyombo vya moto, na Kiswahili kikampokea bila kumbadilishia maneno?

Kisa chenyewe si kigeni duniani. Hélène Delangle, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1900 na kujulikana jukwaani kwa jina la Hellé Nice, alikuwa mcheza dansi mashuhuri wa Paris. Aliumia goti katika mchezo wa kuteleza thelujini, na dansi ikamponyoka. Mwaka 1929 alishinda mbio za wanawake katika uwanja wa Montlhéry, na Desemba ya mwaka huo huo akaweka rekodi ya kasi ya wanawake kwa gari la Bugatti, zaidi ya kilometa 197 kwa saa. Ajali mbaya ya São Paulo mwaka 1936 ndiyo iliyoukata umaarufu wake, na alifariki mwaka 1984 akiwa fukara. Waliomwandikia wasifu hushangazwa na kuhama kwake kutoka jukwaani hadi kwenye usukani, kana kwamba ni dunia mbili. Mswahili, nadhani, angeshangaa kidogo zaidi, na sababu imo katika kitenzi kimoja.

Kitenzi hicho ni *cheza*. Katika lugha nyingi za Ulaya, kucheza mpira na kucheza dansi ni vitenzi viwili tofauti. Kiswahili kina kimoja. Mtoto hucheza, timu hucheza mpira, mwali huchezwa ngoma, na fundi akishika gurudumu na kulitikisa husema "tairi hili linacheza," maana yake halikukazwa. Jino nalo hucheza kabla ya kung'oka. Maana inayoziunganisha zote hizi ni mwendo usiofungwa kabisa, mwendo wenye nafasi ndani yake. Mcheza ngoma hodari huitumia nafasi hiyo. Mwendesha pikipiki kwenye kona ya changarawe huitumia vile vile, isipokuwa yeye akiikosea huvunjika.

Sasa tuitazame *ngoma* yenyewe. Katika Kiswahili neno hili ni ala, ni uchezaji, ni hafla nzima yenye wageni na chakula, na siku hizi vijana huliita wimbo mpya ngoma mpya. Mashabiki wa mpira timu zikitoka sare husema "ngoma droo," na tayari hapo ngoma imekuwa pambano. Ukivuka mpaka wa Mabamba neno linapata uzito mwingine: katika Kirundi *ingoma* ni ala na pia ni ufalme, yaani enzi ya mtawala. Waha nao waliishi chini ya watawala walioitwa *mwami*, na jina la Muhambwe, uliokuwa utawala mmojawapo, bado hutumika kuitaja sehemu ya Kibondo. Basi aliyekuwa mcheza ngoma katika nchi hizi hakutoka katika jambo la kupitisha jioni tu.

Katika Kirundi, mojawapo ya vitenzi vya kucheza ngoma ni *gutamba*. Wanafunzi wa fonolojia watatambua kwamba kiambishi *ku-* kimekuwa *gu-* kwa sababu konsonanti ifuatayo ni sighuna, yaani isiyo na mtetemo. Hiyo ni Kanuni ya Dahl. Lakini mimi leo navutwa na maana. Kiswahili kina *tamba*: kutembea kwa maringo, kujigamba, kuvuma kwa umaarufu. Sitaki kuapa hapa kwamba ni mzizi mmoja, kwa maana kufanana kwa sura kumewadanganya wengi walionitangulia. Hata hivyo ukimtazama kijana anayeingia sokoni na pikipiki iliyopambwa mikia ya rangi kwenye vishikio, huku amenyoosha mgongo na kutazama mbele kama hawaoni watu, utaona kwamba maana zote mbili zimo ndani yake kwa pamoja.

Watu wengine wanafikiri mashindano yaliletwa na michezo ya kigeni, na ngoma zetu zilikuwa starehe tu. Historia haikubali. Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa ngoma ya ushindani tangu mwanzo. Huku Tanganyika makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi, kwa vyeo vya kijeshi walivyojipa wenyewe, na kwa karamu. Terence Ranger aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. Usukumani, Wagika na Wagalu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati upande wake. Na Waha waliokwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge walikutana huko na ngoma za watu wengine, na Kiswahili kikiwa lugha ya kukutania. Hakuna aliyewafundisha kushindana.

Kitenzi *shinda* kina jambo ambalo huwatatiza sana wanafunzi wageni. Kushinda ni kupata ushindi, na kushinda ni kukaa mchana kutwa mahali. Tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata *shindana*, na kutoka hapo *mashindano*. Mwendesha bodaboda aliyekosa abiria tangu asubuhi, akijua kwamba jioni lazima ampelekee tajiri hesabu yake, ameshinda kijiweni na hakushinda kitu. Nimelisikia neno likichezewa hivyo na waendeshaji wenyewe, kwa kicheko kisicho na furaha nyingi.

Tuingie sasa kwenye chombo chenyewe. *Pikipiki* ni neno la kuigiza sauti. Limeundwa kwa uradidi kamili, na *piki* haisimami peke yake katika Kiswahili sanifu, tofauti na *polepole* au *harakaraka*, ambayo nusu yake ina maana. Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Wazulu huiita *isithuthuthu*, Washona *mudhudhudhu*, wasemaji wa Lingala *tukutuku*. Kila jamii ilisikiliza injini ileile ikasikia kitu chake. Warundi wao walilichukua neno letu wakalipa kiambishi chao, likawa *ipikipiki*. Tingatinga lilipata jina lake kwa njia hiyohiyo. Naona fahari kidogo hapa: chombo kililetwa na majina yake tayari, nasi tukakibatiza kwa masikio yetu.

*Bodaboda* lina asili nyingine. Lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka, wakati abiria walipobebwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Uradidi wake unafanana na wa pikipiki kwa sura tu. Linalostahili kuangaliwa ni upatanisho wake wa kisarufi. Husemwa "bodaboda imeharibika" kwa chombo, na "bodaboda amekuja" kwa mtu. Nomino moja, ngeli mbili za upatanisho, na kiambishi cha kitenzi ndicho kinachotuambia kama tunazungumza juu ya mtu au mashine. Linganisha na ngoma. Hakuna Mswahili asemaye "ngoma amekuja" akimaanisha mchezaji. Mcheza ngoma alibaki na jina lake, nalo kitenzi kimo ndani yake. Mwendesha pikipiki amezwa na chombo chake.

Bwana yule wa Mabamba alilijua hilo bila kusoma ngeli. "Zamani nikipita walisema mcheza ngoma yule," alinieleza. "Siku hizi wananiita, we boda!" Katika miaka ya karibuni viongozi wa Tanzania wamependa kuwaita waendeshaji hawa maafisa usafirishaji. Wapo wanaolicheka jina hilo kwa ukubwa wake. Mimi silicheki. Ni jaribio la kumrudisha mtu katika ngeli ya kwanza, hata kama vijiweni wenyewe hulitamka kwa mzaha.

Msamiati wa kuendesha nao umejaa mwili. Mtu hula kona, hupiga gia, hupiga resi. *Resi* ni neno la mkopo lililokuja na maana ya mashindano ya mbio, kisha likaingia kwenye mkono wa kulia wa pikipiki, likawa jina la kile kinachozungushwa ili injini ingurume. Madereva wakianza kufukuzana barabarani husemwa wameweka ligi. Abiria wakizidi mmoja huitwa mishikaki, na atakayeona jinsi watatu walivyobanana juu ya kiti kimoja hatahitaji maelezo. Kitenzi chenyewe, *endesha*, ni kusababisha kwenda. Lakini kitenzi kinachoniunganishia ngoma na pikipiki kuliko vyote ni *lia*. Ngoma hulia. Injini hulia. Wahenga waliposema ngoma ikilia sana hupasuka, hawakuijua pikipiki, lakini fundi yeyote wa Kibondo angewaelewa.

Jioni moja kijiweni nilimwonesha bwana yule kwenye simu mashindano ya MotoE, yaani mbio za kimataifa za pikipiki za umeme. Zilianza mwaka 2019, nazo zilikaribia kufa kabla ya kuzaliwa: Machi ya mwaka huo moto uliteketeza pikipiki zote zikiwa Jerez, Hispania, na mbio za kwanza zikafanyika Julai huko Sachsenring, Ujerumani. Mwaka 2023 zilipandishwa kuwa ubingwa wa dunia, na baada ya msimu wa 2025 waandalizi wakazisimamisha, wakieleza kwamba hazikupata watazamaji wa kutosha. Siku ile tulikuwa hatuyajui hayo ya mwisho. Bwana yule aliinama juu ya simu. Pikipiki zililala kwenye kona, magoti yakigusa lami, zikapishana kwa unywele. Akasema, "Ongeza sauti, Mzee." Nikamwambia sauti iko juu. Hakuamini. Akachukua simu akaongeza mwenyewe, na kilichosikika kilikuwa mlio mwembamba kama wa mluzi wa mbali.

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sijapata kuulizwa na mwanafunzi yeyote: "Sasa huyu anajuaje wakati wa kubadili gia?" Nikamweleza kwamba haina gia za kubadili. Akafikiri. "Basi anacheza bila ngoma," akasema. Wenzake wakacheka, lakini yeye akaomba zirudiwe. Tukazitazama mara nne, mpaka betri ya simu yangu ikaisha, na mara ya mwisho niliona kichwa chake kikitikisika kidogo kila pikipiki ilipoingia kona. Mapigo alikuwa ameyapata mahali fulani, ingawa si masikioni.

Kwa mwanaisimu swali linalofuata ni hili: chombo kisicholia *piki-piki* kiitwe nini? Si swali la mbali. Pikipiki za umeme zimekuwa zikibeba abiria Rwanda tangu mwaka 2019, na Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme. Jina, nadhani, litabaki. *Garimoshi* lilipoteza moshi wake zamani na bado limo kamusini, ingawa ni kweli kwamba treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 wasafiri hawaiiti hivyo. Sijui kama Baraza la Kiswahili litapendekeza neno jipya. Uzoefu wangu ni kwamba neno la barabarani hufika kabla ya kikao. Ninaloliangalia kwa hamu zaidi ni vitenzi. *Kupiga resi* kutahamia kwenye chombo kisichonguruma, au kutakufa? *Kutia mafuta* kutaachia *kuchaji*, hilo limeshaanza. Na *kulia*?

Nilipoaga, bwana yule alikuwa ameshapata neno lake. Pikipiki za kwenye simu aliziita "zile za kimyakimya," na vijana wa kijiweni wakawa wanalirudia. Nililiandika katika daftari langu chini ya tarehe ya siku ile, pamoja na upatanisho wake: wingi, ngeli ya kumi, na kwa uradidi kamili.