Mawe ya Merigi na Theluji ya Ng'ambo

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, lakini hawakutuambia dalili ya mawe ni ipi. Alasiri moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili hapa Merigi, nikiwafafanulia aina za mvua, mara paa la mabati likaanza kulia. Sauti ya mwalimu ni kitu gani mbele ya mabati? Niliweka chaki mezani, nasi sote tukangoja. Robo saa baadaye uwanja ulikuwa mweupe pe. Wavulana walitoka mbio wakarushiana mawe hayo, wengine wakayatafuna kama peremende. Msichana mmoja hakutoka. Alibaki dirishani akitazama ng'ambo ya bonde, liliko shamba la chai la mamake. Nadhani alikuwa akihesabu karo.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimesikia redioni kwamba magharibi mwa Bonde la Ufa kungekuwa na vipindi vya jua na manyunyu alasiri. Siwezi kusema tulidanganywa. Mvua tuliambiwa, na mvua ikaja.

Mwanafunzi wangu wa zamani anafanya kazi hotelini nchini Austria, katika mji mdogo wa milimani ambako watu huenda kuteleza juu ya theluji. Aliwahi kunisimulia jinsi wageni wanavyoamka. Kabla ya kunywa kahawa, mgeni husoma ubaoni kina cha theluji kileleni na kina chake bondeni kwa sentimita, theluji mpya iliyoanguka usiku, kasi ya upepo, miteremko iliyofunguliwa, na hatari ya maporomoko ya theluji kwa tarakimu, kuanzia 1 hadi 5. Yote hayo, mpenzi msomaji, kwa ajili ya mtu aliyekwenda kucheza! Mkulima wa Merigi, ambaye barafu ikianguka humlaza njaa, hupewa manyunyu.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Theluji ya Alps aghalabu huletwa na mkutano wa hewa baridi na hewa ya joto unaoenea mamia ya kilomita, na mtaalamu huweza kuuona ukija siku kadhaa kabla. Mawe yetu si hivyo. Mchana jua linapopasha nchi kavu, hewa yenye unyevu huvutwa kutoka Ziwa Victoria, ikakutana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi zilizo karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo mawingu hupanda kama moshi wa tanuri. Matone hubebwa juu hadi kwenye baridi kali, hukusanya tabaka baada ya tabaka ya barafu, na yanapouzidi nguvu upepo unaoyainua, huanguka. Wingu la namna hiyo huweza kupiga upande mmoja wa kijito na kuuacha wa pili mkavu. Kulitabiri tangu asubuhi, na kutaja kijiji, ni jambo linalowashinda hata wenye rada na mitambo ya thamani kubwa.

Kericho, jirani yetu, hutajwa vitabuni miongoni mwa mahali panapopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Kwa nini hapa? Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu takataka za majani ya chai ya Kenya. Maji safi hayalazimiki kuganda mara yafikapo nyuzi sifuri. Huhitaji chembe ya kushikilia. Watafiti hao walionyesha kwamba vumbi la majani yaliyooza chini ya michai lina chembe za namna hiyo, wakapendekeza kuwa huenda linapoinuka hadi mawinguni ndilo linalosaidia kuumba mawe. Miongoni mwa viumbe wanaojulikana kwa kazi hiyo ya kugandisha maji ni bakteria aitwaye Pseudomonas syringae.

Nilipofika hapo darasani, niliwaambia wanafunzi jambo lililowachekesha. Huko kwenye michezo ya theluji, mbingu zinapokuwa bahili, hutumiwa mashine za kurusha maji hewani yagande, na katika baadhi ya maji hayo hutiwa unga uliotokana na bakteria huyo huyo. Wao humnunua. Sisi tungelipa aondoke.

Kulipa kulijaribiwa. Katika miaka ya 1960 mawingu ya Kericho yalirushiwa roketi, kisha ndege zikatumwa kuyamwagia ayodidi ya fedha ili barafu igawanyike iwe vipande vidogo. Wataalamu wa fani hiyo wanabishana hadi leo kuhusu manufaa yake. Mkulima mwenye vishamba viwili vya chai hana ndege, na majani yaliyotobolewa hayapokewi kituoni. Hungoja wiki kadhaa hadi chipukizi mpya zitokee.

Jalidi ni habari nyingine. Hiyo huja usiku mkavu, usio na mawingu wala upepo, ardhi inapopoteza joto lake na hewa baridi kuteremka mabondeni. Januari 2012 iliunguza chai katika wilaya nyingi za nyanda hizi. Dalili zake huonekana jioni iliyotangulia, kwa hiyo sioni udhuru wa mkulima kuipata habari yake asubuhi, kutoka kwa majani yaliyogeuka rangi ya kahawia.

Na mawe? Kwanza yahesabiwe. Vituo vya hali ya hewa ni vichache, na wingu linalopiga Merigi laweza kupita bila chombo chochote kuliona. Shule, kinyume chake, ziko kila kilima, na kila shule ina saa, daftari na watoto wenye macho. Walimu wenzangu wa jiografia, tunawakaririsha wanafunzi sehemu za kipimamvua ilhali kilichoko uwanjani kilishika kutu zamani! Chetu tulikitengeneza kwa chupa ya plastiki na rula. Mawe yakianguka, tunaandika saa, muda, ukubwa wake na mahali yalipokomea. Ningependa kila shule ya Bomet na Kericho ifanye vivyo hivyo, na afisi za hali ya hewa za kaunti ziyapokee madaftari hayo kwa moyo mkunjufu.

Msichana yule wa dirishani ndiye mtunzaji wa letu. Mamake hakuchuma hata kilo moja kwa mwezi mzima baada ya siku ile. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wake: saa tisa na dakika ishirini, robo saa, punje ya hindi, mpaka kijitoni.