Bunduki ya Gololi: Jina la Zana ya Mazoezi ya Kujihami

Mfasiri mmoja aliyekabidhiwa mwongozo wa mafunzo ya walinzi alituuliza iwapo yafaa kuandika "bunduki ya hewa laini" kwa chombo ambacho wengine wamekwisha kuanza kukiita easofti. Tulimjibu mara moja kwamba haifai, kwani msomaji hataambulia kitu. Jina la kuwekwa mahali pake ndilo lililotuchukua muda, maana katika jambo hili kosa la jina laweza kumtoa mtu jicho.

Chombo hiki kilianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambayo sheria zake huwabana sana raia katika kumiliki silaha za moto. Hufanana na bunduki au bastola halisi, lakini hurusha kidonge cha plastiki cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 6 na uzito, kwa kawaida, wa gramu 0.20 au 0.25. Kidonge husukumwa na hewa iliyoshindiliwa kwa springi au kwa mota ya umeme, ama na gesi. Tangu mwaka 2006 sheria ya Japani imeiwekea nguvu hiyo kikomo cha takriban jouli 1. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka mtutuni na jouli zipatazo 500.

Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta wakufunzi. Mwanafunzi aweza kurudia mara mia vitendo vya kuchomoa bastola alani, kulenga, na kubonyeza kifyatulio bila kutikisa mkono, pasipo gharama ya risasi halisi. Watu wawili waweza hata kuigiza shambulio, mradi wamevaa miwani na kinga ya uso. Mjapani Tatsuya Sakai, aliyejizoeza kwao kwa vyombo hivi, alishinda mashindano ya Steel Challenge nchini Marekani mwaka 2004 kwa bastola halisi. Hata hivyo kishindo cha baruti na msukumo wake mkononi havipatikani humo. Ndiyo sababu twapendelea kusema "zana ya mazoezi" kuliko "zana ya mafunzo": mazoezi ni kurudia kile ambacho mtu amekwisha fundishwa, na chombo hiki hakimfundishi mtu peke yake.

Kuhusu shabaha yenyewe ya mazoezi, mfasiri alisitasita kati ya kujikinga, kujitetea na kujihami. Mtu hujikinga mvua na maradhi, na hujitetea mahakamani. Anayezuia shambulio dhidi ya nafsi yake hujihami.

Sasa jina. "Bunduki ya kuchezea" ndilo lililo jepesi kutamkwa, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Mnamo Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumwua mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya namna hii. Ile alama ya rangi ya chungwa mdomoni mwa mtutu, iliyopasa kuitambulisha, haikuwapo. Aidha, kidonge kisichotoboa nguo chaharibu jicho. Neno "bandia" nalo lina kasoro yake, kwa kuwa hutumika pia kwa kitu kisichofyatua chochote. "Bunduki ya upepo" tayari ni jina la ile irushayo vidonge vya risasi, ambayo huua ndege, na kuviunganisha viwili hivi kungemtatiza karani anayejaza fomu. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2017 huviweka vyombo hivi nje ya kundi la silaha za moto endapo havizidi jouli 1.3 kwa vinavyofyatua mfululizo, na jouli 2.5 kwa vingine. Sheria ya namna hiyo haitafsiriki ikiwa vyote vina jina moja.

Tumependekeza "bunduki ya gololi", na "bastola ya gololi" kwa ile ya mkononi. Kidonge chenyewe kiitwe gololi ya plastiki, kamwe si "risasi ya plastiki", kwani jina hilo husomwa magazetini kuhusu risasi za kutawanyia watu. Tena risasi ni madini kabla ya kuwa kombora. Wako watakaonung'unika kwamba gololi ni mchezo wa watoto. Twawakumbusha kwamba neno bunduki lenyewe lina asili yake katika neno la Kiarabu la tunda dogo la mviringo, ambalo lilitumiwa pia kwa vidonge vya kurushwa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo, yaani jina la ule msukumo wa bunduki unaorudi begani au mkononi. Katika mwongozo tumeandika "msukumo wa nyuma", lakini twashuku kwamba wapigaji shabaha wana neno fupi zaidi, nasi tungependa watuandikie.