Tembo la mnazi: Ladha hufuata saa, si sifa za muuzaji

KWINGINEKO duniani, wapenzi wa sigara za Havana na mvinyo wa Ufaransa hulinganisha toleo jipya na la zamani kwa kutazama mwaka ulioandikwa kwenye boksi au chupa. Katika Kaunti ya Kilifi, mnywaji wa tembo hahesabu miaka. Huhesabu saa.

Jambo hilo si la anasa tu. Tembo haliuzwi likiwa na lebo wala tarehe ya kuharibika, na mnunuzi hana kinga nyingine ila pua na ulimi wake. Asiyejua kupambanua huuziwa maji yaliyotiwa sukari kwa bei ya kinywaji halisi, na anayeumia zaidi ni mgema mwaminifu, ambaye jasho lake huuzwa sawa na udanganyifu wa mwenzake.

Ukanda wa minazi ambao sifa zake zimeenea ni ule wa Kaloleni, Rabai, Ribe, Jibana na Chonyi. Huko kinywaji hiki huitwa uchi kwa lugha za Wamijikenda, jina ambalo humfanya mgeni kutoka bara atabasamu kabla ya kuelezwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alikiandikia kitabu mwaka 1972, akionyesha jinsi mnazi, tembo na mashahidi wa mauziano ya mashamba vilivyofungamana katika maisha ya Wagiriama.

Ili kuelewa ladha, sharti kwanza kuelewa kazi ya mgema. Hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, akiwa na kotama kiunoni. Huchagua karara ambalo halijapasuka, akalifunga na kulipinda polepole kwa siku kadhaa, kisha akakata ncha yake. Utomvu hudondoka katika kibuyu kilichofungwa hapo. Kila apandapo, mara mbili au tatu kwa siku, huparura ubale mwembamba ili jeraha lisizibe. Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hivyo kila mtungi wa tembo ni nazi ambazo mwenye shamba ameamua kuzisamehe.

Utomvu unapotoka mtini ni mtamu kwelikweli, kwani takriban asilimia 12 hadi 15 yake huwa sukari. Lakini hamira za asili, zilizomo hewani na katika kibuyu chenyewe, huuvamia papo hapo. Baada ya saa chache utamu hupungua, povu huumuka na kileo huanza kujengeka. Kabla siku haijaisha kileo hufikia asilimia tano hivi. Kisha bakteria hushika usukani na kukigeuza kileo kuwa siki.

Ndiyo maana tembo la asubuhi, ambalo limelala kibuyuni usiku kucha, huwa kali kuliko la adhuhuri, hata kama yote mawili yametoka mnazi mmoja na mkono mmoja. La adhuhuri ni tamu, jepesi, na harufu yake hukaribia ile ya dafu. La asubuhi huwasha ulimi kidogo na kuacha uchachu kooni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ubora umo kati ya hayo mawili: tembo ambalo utamu wake haujaisha na ukali wake umeanza kujitokeza. Muda huo ni mfupi mno.

Tembo safi lina weupe wa maji ya mchele na povu dogo linalojirudia likitikiswa. Lililotiwa maji huwa na weupe hafifu, na ladha yake hukatika ghafla likishamezwa. Lililoongezwa sukari kuficha maji huwa na utamu wa juujuu usiolingana na umri wake. Tembo la jana lenye utamu wa asubuhi lina siri! Nyuki na sisimizi wanaoelea si dalili ya uchafu mkubwa. Hufuata sukari, na ndiyo sababu wazee hunywa kwa mrija wenye kichujio mwishoni. Kibuyu kisichooshwa ndicho kibaya zaidi, kwani huchachisha tembo jipya kabla halijateremshwa.

Msemo wa mgema kulitia tembo maji akisifiwa unajulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kisichosemwa sana ni kwamba umbali nao hulibadilisha. Kutoka Kaloleni hadi mji wa Malindi ni safari ya takriban kilomita 100. Tembo lililotiwa katika jerikeni alfajiri na kupigwa na jua njiani hufika likiwa kinywaji kingine, hata kama hakuna aliyeligusa. Anayelinganisha mangwe ya Malindi na ya Kaloleni bila kuzingatia hilo humwonea muuzaji.

India na Sri Lanka, hupaka chokaa ndani ya chungu ili utomvu ubaki mtamu. Ufilipino hutia ganda la mkoko, ambalo hulipa tembo wekundu na kupunguza kasi ya kuchacha.

Kisheria, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile ya zamani iliyopiga marufuku chang'aa, na Katiba ya mwaka huohuo ikazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Hata hivyo, kila pombe zenye kemikali zinapoua watu, kama ilivyotokea mwaka 2014 na tena Kirinyaga Februari 2024, misako hutangazwa na mgema huingiwa na hofu, ilhali sumu iliyoua haikutoka mnazini.

Katika vikao vya mahari na vya upatanisho, ambako tembo hutolewa kwa kipimo cha kadzama, anayelileta hulionja kwanza mbele ya watu kabla ya kulipitisha. Mnunuzi wa mangweni anaweza kumwomba muuzaji afanye vivyo hivyo, kisha amuulize liliteremshwa saa ngapi.