Mtaalamu wa Mipango wa Newala na Masasi Atasomeshwa na Nani?

Mtu asimamaye Newala penye ukingo wa Shimo la Mungu, akalitazama bonde la Ruvuma lililotandaa chini yake kuelekea Msumbiji, huona bila kuambiwa kwamba maji yako chini na watu wako juu. Na kwa kuwa mchanga wa uwanda wa Makonde huyanywa maji ya mvua kabla hayajafanya hata kijito, wanawake wa huko walishuka na kupanda miteremko ile kwa vizazi vingi, vyombo vyao vichwani, hata maji yalipoanza kusukumwa kwa mitambo kutoka chemchemi za Mitema katika bonde la Kitangari. Kijiji kipi kifikishiwe bomba kwanza, mwenye kisima cha kuvunia mvua alipe kiasi gani akilinganishwa na asiye nacho, barabara ya korosho ipite wapi: maswali kama haya ndiyo kazi ya elimu ya mipango na sera, na mahali palipo na haja kubwa ya elimu hiyo kuliko uwanda huu ni pachache.

Ajabu ni kwamba mipango mikubwa ya nchi hii ya kusini aghalabu iliandikwa na watu wa mbali. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliazimia kulima karanga Nachingwea, jirani ya Masasi. Misitu ikafyekwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kuachwa, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Finland waliandika mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi. Siibezi kazi ya wageni, maana palipochimbwa kisima watu walikunywa. Lakini nashikilia kwamba mpango wa maji ya Newala utaandikwa vizuri zaidi na mtu ambaye mama yake alinunua maji kwa ndoo, ikiwa mtu huyo amesoma sawasawa na yule mgeni.

Wala si kwamba wana wa huku hawawezi kusoma hivyo. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, alipitia shule ya Ndanda, akaenda Pugu, kisha Makerere, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kabla ya kuwa Rais wa Tanzania. Kinachowazuia wengi leo ni fedha, na pamoja na fedha, kutojua fedha ziko wapi.

Tuanze nyumbani. Vyuo vipo: Ardhi, Dar es Salaam, chenye kufundisha upangaji wa miji na mikoa, Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kwa kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, na Chuo Kikuu Huria chenye kituo chake Mtwara, ambacho humwezesha mtumishi kusoma bila kuacha kazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, nguvu zake nyingi huzielekeza kwa shahada ya kwanza, hivyo anayetaka uzamili asijenge matumaini yake yote hapo. Na Bodi hiyohiyo ndiyo inayomdai. Chukua hati ya mshahara ya afisa mipango kijana wa halmashauri: asilimia 15 ya mshahara wa msingi imekwisha kukatwa kulipia karadha ya shahada ya kwanza, chini yake yapo makato ya pensheni, bima na kodi, na akiongeza mkopo wa benki ili alipe ada ya uzamili, hukutana na kanuni kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi mwake. Kijana mwenye watoto wawili na hati ya namna hiyo hawezi kujisomesha kwa mshahara, na anayemhimiza ajisomeshe hivyo hamtakii mema.

Wengine hutegemea korosho za wazee. Msimu wa mnada hufunguliwa karibu na wakati vyuo vinapofunguliwa, jambo ambalo lingekuwa neema kubwa lau malipo yangefika siku hiyohiyo. Ila tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, korosho huingia ghalani, husubiri mnada, na fedha humfikia mkulima kwa njia ya chama chake cha msingi baadaye, huku chuo kikidai ada ya muhula wa kwanza.

Njia iliyo pana zaidi ni ufadhili kamili, ambao haulipwi tena. Na hapa natamani kila msomaji mwenye kijana aliyemaliza shahada ya kwanza anisikilize kwa makini, kwa sababu ufadhili wa mipango na sera una tabia yake: aghalabu humtaka mtu aliyekwisha kufanya kazi. Ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987, humtaka mwombaji awe na miaka mitatu ya kazi ya maendeleo baada ya shahada yake, awe bado kazini, na awe amekwisha kukubaliwa na chuo kilichomo katika orodha yao. Humlipia ada, nauli, bima na posho ya kujikimu, kwa sharti la kurejea nchini. Chevening wa Uingereza, ulioanza mwaka 1983, hutaka miaka miwili ya kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa Oxford mwaka 1959, nao uko wazi kwa Watanzania.

Wajerumani, kwa mkono wa shirika lao la DAAD, wana milango miwili inayotuhusu hasa. Mmoja ni ule uliopewa jina la Helmut Schmidt kwa ajili ya sera na utawala bora, ambao huwapeleka wanafunzi katika vyuo kama Shule ya Willy Brandt iliyoko Erfurt, wakianza kwa kufundishwa Kijerumani ijapokuwa masomo yenyewe mengi ni kwa Kiingereza. Wa pili ni masomo ya SPRING ya Chuo Kikuu cha Dortmund, ya upangaji wa mikoa katika nchi zinazoendelea, ambayo mwanafunzi husoma mwaka wa kwanza Ujerumani na wa pili katika chuo shirika, na mmojawapo wa vyuo hivyo ni Ardhi yetu. Huu wa pili naupenda kuliko yote, kwani mtu anaweza kutoka Dortmund akaja kufanya utafiti wake Newala penyewe.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa kijana wa Masasi ni asiharakishe uzamili kwa kuuza shamba la mikorosho. Aingie kwanza kazini, katika halmashauri au shirika, aketi na wanakijiji katika mikutano ya kupanga mipango ya kijiji, ile iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, aone ni vikwazo vipi vinarudi katika daftari kila mwaka. Kwa maana wafadhili humwuliza mwombaji anataka kutatua nini, na mwenye kujibu kwa jina la kijiji, umbali wa bomba na sababu ya pampu kukaa bila mafuta humshinda anayejibu kwamba anapenda maendeleo. Barua za walimu za kumpendekeza azitafute wangali wanamkumbuka. Ruhusa ya masomo aiombe kwa maandishi kwa mkurugenzi wake mapema, ili jina lake liingie katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Na kwa kuwa mtihani wa Kiingereza utamgharimu ada yake, pamoja na nauli na malazi ikibidi aufanyie Dar es Salaam, aanze kuweka akiba ya safari hiyo mwaka mmoja kabla.

Lakini kwa nini fadhila yote itoke ng'ambo? Vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, ndivyo vinavyouza korosho za wakulima. Shilingi moja ikitengwa katika kila kilo, kilo milioni 10 hutoa shilingi milioni 10 kwa msimu. Wanachama wakikubali kufanya wakfu wa shilingi mbili, itakuwa milioni 20, na ndani yake mtu mmoja anaweza kusaidiwa ada ya chuo cha hapa nchini na posho ya utafiti, kwa mkataba wa kurudi kuitumikia halmashauri ya wilaya yake. Achaguliwe kwa ushindani ulio wazi, majina yabandikwe katika ofisi za vyama vya msingi, na kwa mzunguko wa misimu nusu ya nafasi wapewe wanawake, ambao ndio walioibeba kazi ya maji kwa muda mrefu zaidi. Hoja hii haihitaji sheria mpya: yahitaji wanachama wachache waiandike na kuiwasilisha katika mkutano mkuu wa chama, kabla mnada wa kwanza wa msimu haujafunguliwa.