Mgongo nao ni mtaji wa mvuvi na mkulima wa mwani

KATIKA soko la samaki la Dunda, mjini Bagamoyo, biashara huanzia majini. Chombo kikitia nanga, wachukuzi huingia baharini na kujitwisha matenga ya samaki hadi ufukweni. Pembeni, wakaanga samaki huinama juu ya makarai kwa saa nyingi.

Wote hupiga hesabu ya samaki, kuni na mafuta. Mgongo hauhesabiwi.

Kusini mwa mji, kule Mlingotini, hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wa mwani, wengi wao wanawake. Maji yakipwa huinama kufunga kamba kwenye vigingi, kisha hubeba mwani mbichi, wenye uzito mara kadhaa ya ule mkavu wanaolipwa.

Kwa nini kuinama kunaumiza?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini zinazofanya kazi kama mito. Mtu akiinama, diski hizo hubanwa upande wa mbele, na misuli ya nyuma hukaza muda wote ili asianguke. Mzigo ukiwa mbali na mwili, shinikizo huongezeka. Diski ikitokeza nje huweza kubana neva, maumivu yakashuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Tangu mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani (ILO) linapendekeza mzigo anaobeba mwanaume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke upungue sana hapo.

Ufanye nini?

Unapoinua tenga, chuchumaa, likumbatie karibu na kifua, kisha inuka kwa nguvu ya miguu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Tenga zito ligawe mara mbili. Mkaanga samaki ainue jiko kwa matofali hadi usawa wa kiuno. Mkulima wa mwani afungie mbegu ufukweni akiwa ameketi, na anyooshe mgongo mara kwa mara.

Ukipata ganzi miguuni au ukishindwa kuzuia mkojo, wahi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuchuliwa.

Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Akilala na kiuno wiki moja, ni wiki nzima bila mauzo. Matofali ya kuinulia jiko ni nafuu kuliko hasara hiyo.