Usukani Umenyooka, Nini Kimepinda?

Swali ni lilelile, hubadilika aina ya gari tu. IST imeparamia ukingo wa njia ya mwendokasi kwenye barabara ya Morogoro, au Axio imeteleza kwenye mvua na kugonga ukingo wa kiplefti. Mwendo ulikuwa mdogo, bampa halina hata mkwaruzo, ila usukani umekaa kombo kidogo. Je, alaimenti ya bei nafuu inapigwa wapi?

Fundi anayeijua kazi yake huvuta pumzi kwanza. Muulizaji hajauliza gari limeumia wapi. Amekuja ameshachagua dawa, anatafuta duka tu.

Huo mwendo mdogo nao una hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa saa likisimama ghafla, nishati inayobidi kumezwa ni sawa na ya gari hilohilo kudondoka kutoka kimo cha karibu sentimita 90, liwe Vitz au Land Cruiser. Tena halidondoki kwa miguu yote minne: sehemu kubwa ya pigo hupitia gurudumu moja. Springi na shokapu zimeundwa kupokea mapigo ya juu na chini. Gurudumu likigongwa kutoka ubavuni halina pa kukimbilia, kwa hiyo pigo hupita kwenye rimu, likaingia kwenye beringi, tairodi (fito inayoligeuza gurudumu) na lowa amu (mkono wa chini unaolishikilia). Ndiyo maana kuteleza kiubavu na kugonga ukingo kunaweza kuharibu kuliko kuupanda kwa mbele kwa mwendo uleule. Na bampa halina mkwaruzo kwa sababu halikuguswa. Ushahidi wake hauna thamani yoyote hapa.

Sasa alaimenti yenyewe. Kwenye IST, Vitz, Passo na ndugu zao wengi, mashine hupima mambo kadhaa, lakini kinachorekebishika mbele ni kimoja: mwelekeo wa tairi, kama pua zake zinatazamana au zinaachana. Hurekebishwa kwa kuzungusha tairodi. Mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje, yaani kemba, kiwandani haukuwekewa skrubu ya kuuchezea. Nyuma ndiyo kabisa: ekseli ya magari hayo ni boriti moja, haina cha kukaza wala kulegeza.

Basi tuseme pigo limepinda tairodi ya kushoto. Imepinda, kwa hiyo imekuwa fupi, na tairi limegeuka. Mpiga alaimenti anaizungusha mpaka urefu uliopotea urudi, skrini inageuka kijani, usukani unakaa sawa, mteja analipa na kushukuru. Tairodi ingali imepinda vilevile. Kilichoondoka ni dalili pekee iliyokuwa ikimwonya mwenye gari. Ni kama kukung'uta kipimajoto mpaka kishuke, kisha kumwambia mgonjwa kwamba homa imekwisha. Tairodi iliyopinda hubadilishwa. Hainyooshwi kwa nyundo, wala haipashwi moto, hata kama fundi wa jirani ameifanya kazi hiyo miaka yote na "hakuna aliyerudi kulalamika". Siku inapokatika, gurudumu hilo halimtii tena mwenye usukani.

Kuna lililo baya zaidi. Pigo likipinda shokapu au nako, chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu, kemba hubaki nyekundu kwenye skrini, na mpiga alaimenti hana cha kuigeuzia. Hapo husikika kauli mbili. Ya kwanza: "Hizi za Japani ndivyo zilivyo." Si kweli, kila modeli ina vipimo vyake, na tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia haikutoka Japani. Ya pili haisemwi, hutendwa: tundu la bolti ya shokapu linatanuliwa kwa tupa mpaka tairi lisimame wima. Bolti maalumu za kurekebisha kemba zipo na zina kazi yake halali, lakini kuzitumia ili kuficha nako iliyopinda, au kutanua tundu ili kukwepa gharama ya shokapu, ni kufunika kombe. Mwanaharamu mwenyewe hapiti. Yumo ndani ya gari.

Mashine hiyohiyo inayotumiwa kuficha ndiyo ingefichua, kama ingetumiwa kupima kabla ya kurekebisha. Karatasi inayotakiwa ni ya vipimo vya mwanzo, na wateja wengi hawaiombi. Juu yake kuna kipimo kiitwacho SAI, mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Hupatikana pale fundi anapogeuza magurudumu kushoto na kulia kwa digrii zilizowekwa, hatua ambayo gereji zenye haraka huiruka. Jumlisha SAI na kemba ya kila upande, kisha linganisha. Majumlisho yakitofautiana, mshukiwa ni nako au shokapu. Yakilingana huku SAI na kemba zenyewe zimehama upande mmoja, mshukiwa ni lowa amu, au fremu iliyoishikilia imesogea. Ni hesabu ya darasa la tatu, na huokoa pesa nyingi za kubadilisha kifaa kisicho na kosa.

Hata bila mashine, mwenye gari anaweza kuchungulia. Nyuzi za skrubu zinazoonekana kwenye tairodi ya kushoto zikiwa nyingi kuliko za kulia kwa tofauti ya wazi, kuna kitu kimefidiwa. Futi ya fundi cherehani nayo inatosha kupima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, usukani ukiwa umenyooka, pande zote mbili: upande uliopungua kwa sentimita nzima umerudishwa nyuma. (Renault 4, ambayo Wakenya wa makamo wanaikumbuka kwa jina la Roho, ilitoka kiwandani ikiwa ndefu zaidi upande mmoja. IST haikutoka hivyo.)

Yaliyobaki ni ya haraka. Gari linyanyuliwe kwenye lifti, si kuinamiwa kwa tochi. Tairi litazamwe ubavu wa ndani, na likiwa na nundu litupwe, kwa kuwa nyuzi zake zimekatika na kiraka hakiziungi. Rimu ya aloi izungushwe ionekane kama inayumba. Ikipashwa moto wa gesi ili inyooshwe hupoteza ugumu iliopewa kiwandani, hata ikipakwa rangi ikang'aa. Gurudumu lishikwe kushoto na kulia kisha litikiswe, halafu juu na chini: mchezo wa kwanza kwa kawaida huelekeza kwenye tairodi, wa pili kwenye beringi au boljointi. Mpira wa drafti shafti na sampu vikaguliwe kama vinavuja. Nako ya mtumba kutoka Ilala au Kirinyaga Road inafaa ikipimwa. Tairodi na boljointi zinunuliwe mpya. Shokapu zibadilishwe jozi. Alaimenti ndiyo ya mwisho, baada ya vyote hivyo, na taa ya mfumo wa uthabiti ikibaki inawaka kwenye dashibodi, sensa ya usukani ipewe upya sifuri yake kwa kompyuta.

Mwenye bima kubwa atoe taarifa siku ileile, hata kama haoni kitu. Beringi iliyopata vishimo ndani kwa pigo hilo inaweza kukaa kimya wiki kadhaa kabla ya kuanza kuvuma, na mvumo wake hubadilika gari linapokata kona. Kufikia hapo, mkaguzi wa bima atataka kujua ukingo gani, na lini.